Maji ya Saa Kumi: Nilivyotengeneza Filamu Yangu ya Chuo Kule Nungwi

Muswada wangu ulikuwa na kurasa 9, na ukurasa wa mwisho ulikuwa wa alfajiri. Jua linachomoza, mashua inateremka majini, na kijana aliyeimalizia kazi ya babu yake marehemu anasimama maji yakimfika magotini. Niliuandika kwa wiki tatu, na yule kijana nilimjua mpaka viatu vyake. Katika filamu niliyoikabidhi chuoni hayumo. Alfajiri nayo haimo.

Naeleza jinsi walivyotoka kwa sababu wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wananiuliza sana habari za kamera na lenzi, na mimi nikiikumbuka kazi ile siikumbuki lenzi. Nakumbuka maji.

Nimekulia Dodoma. Maji niliyoyajua utotoni yalikuja bombani kwa zamu, na zamu yako ikikupita unalala na ndoo tupu. Bahari niliiona nikiwa mtu mzima. Nilijua kwamba hupwa na hujaa, ila nililichukulia hilo kama mandhari tu. Hivyo chuo kilipotupa masharti ya filamu ya mwisho wa mwaka (isizidi dakika 8, wanafunzi watatu, kamera kwa siku 4), nilichagua siku zangu nne kwa kutazama ratiba ya mitihani. Mwenzangu mmoja akashika kamera, wa pili sauti, mimi nikaongoza. Rafiki yetu wa darasa jingine akakubali kuigiza kijana wa kwenye muswada bila malipo yoyote zaidi ya nauli na chakula. Tukapanda daladala namba 116 na begi la kamera mapajani.

Nungwi iko kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja, na kabla ya mahoteli ilijulikana kwa vyombo vya baharini. Mpaka leo mafundi wanaunda majahazi na mashua mchangani kwa mkono. Tuliyemfuata alikuwa mzee wa miaka sabini hivi. Mimi nilimwita babu, yeye aliniita mwanangu. Tulimkuta na tezo, kishoka cha kuchongea, anachonga taruma la mwembe, mti wa ubavuni mwa chombo. Alilichagua tawi ambalo tayari lilikuwa na kombo la ubavu wa chombo, ili asiulazimishe mti kupinda. Nikamsimulia hadithi yangu yote mpaka mwisho. Akasikiliza bila kuacha kuchonga, kisha akauliza:

"Na hiyo alfajiri yako, maji yatakuwa wapi?"

Nikasema yatakuwa yamejaa.

Akaweka tezo chini, akanieleza kwa upole, kama mtu anayemwonesha mgeni njia. Chombo kile kilikuwa kimeundwa juu, mbali na maji, na hakiwezi kushuliwa, yaani kuteremshwa majini, ila siku za bamvua, maji yanapojaa kuliko siku nyingine, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Siku hizo maji ya pwani ile hujaa mnamo saa 10 alfajiri, bado giza, yakapwa mpaka mwambani saa 4 asubuhi, kisha yakarudi kujaa saa 10 jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Mpaka siku yatakapojaa kukiwa na mwanga wa asubuhi, bamvua limeshaanza kuvunjika, na maji hayafiki tena chombo kilipo. Jua langu na mashua yangu visingekutana hata ningesubiri mwaka.

Halafu akaniuliza tarehe za kuazima kamera. Nilipomtajia akahesabu mwezi kwa vidole. Siku zangu zote nne zilikuwa za maji mafu, yasiyojaa sana.

Usiku ule sikulala vizuri. Mwenzangu wa kamera alishauri tubadilishe mada tupige picha sokoni, jambo ambalo lingekuwa salama. Nilikataa. Sikuwa na mpango wowote. Ila nilikuwa nimesikia swali moja ambalo muswada wangu wa wiki tatu haukuwahi kujiuliza, nikaona aibu kuondoka bila kulisikiliza mpaka mwisho.

Siku ya kwanza ya kupiga picha tukapata funzo la pili. Tulipanga tukio la msumari: fundi anatoboa ubao kwa keekee, anauzungushia msumari uzi wa pamba chini ya kichwa ili maji yasipenye, anaugonga, na kijana wetu anatazama. Akafanya. Ilikuwa safi, ila mpiga picha alichelewa kurekebisha fokasi. Nikamwomba babu arudie.

"Mwanangu, msumari ushaingia. Niung'oe kwa ajili ya picha?"

Darasani tulizoea kurudia. Mwigizaji akikosea neno, mnarudia mara tano, mara nane. Hapa kila pigo la nyundo lilikuwa sehemu ya chombo ambacho watu watasafiri nacho baharini. Kumwomba fundi ang'oe msumari ilikuwa kumwomba adhoofishe ubao. Tukakaa chini ya kivuli cha makuti, tukakumbushana somo la historia ya filamu: ndugu Lumière, walipoanza kuwaonesha watu picha zao kwa malipo mjini Paris mwaka 1895, kila filamu yao ilikuwa shoti moja isiyokatwa, isiyofika hata dakika nzima, kwa sababu utepe wa kamera ulikuwa unaishia hapo. Tukajiwekea sheria yetu. Kila shoti iende sekunde 50 au zaidi, kamera isimame pale ilipowekwa, na hatutamwomba mtu yeyote arudie chochote. Kikitupita, kimetupita.

Sheria hiyo ilitubadilisha kazi. Kabla yake tulikuwa tunakimbilia kamera kila tunapoona kitu kizuri. Sasa tulilazimika kumtazama fundi nusu saa nzima kabla ya kuweka kamera, tujue atainuka lini, atahamia upande gani, mwanafunzi wake atampitishia nini. Nadhani siku zile nne tulirekodi kidogo kuliko kundi lolote la darasa letu.

Upande wa sauti tuliteswa na upepo. Ulikuwa msimu wa kusi, na ufukweni maikrofoni ilisikia upepo tu. Tuliifunga kitambaa cha manyoya kilichokatwa kutoka blanketi, haikusaidia. Siku ya tatu mwenzetu wa sauti aliomba ruhusa, akaingia ndani ya chombo chenyewe, akakiweka kirekodi kwenye mataruma karibu na mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa ya chombo, akatoka. Nje mafundi wawili walikuwa wanakalafati, wanaishindilia pamba yenye mafuta kwenye nyufa za mbao kwa patasi na nyundo. Tulipovaa spika za masikioni jioni tukanyamaza wote. Ndani ya tumbo la mashua hakukuwa na upepo, na mbao zote zilikuwa ngoma. Nyundo ya kwanza inalia kwa uzito, kama mtu anayegonga gunia. Kadiri pamba inavyoingia na ufa kukaza, mlio unapanda, unakauka, mpaka unakuwa kama wa kengele ndogo. Nilikuwa nimekaa siku tatu mita mbili tu kutoka pale na sikuwa nimeusikia.

Kamera tukairudisha chuoni kwa wakati. Bamvua la kwanza lilikuta kazi haijaisha, tukasubiri la pili. Siku 20 baadaye babu akapiga simu: "Kesho maji ya saa 10." Kamera ya chuo ilikuwa kwa kundi jingine. Mwigizaji wetu alikuwa ameenda kwao likizo. Tukaenda watatu, na simu ya mkononi na stendi ya kuazima.

Mashua haikuwa ile tuliyoiacha. Mbao zilikuwa zimepakwa sifa, yaani mafuta ya papa, harufu yake unaipata kutoka barabarani, na chini ilikuwa nyeupe kwa shahamu na chokaa. Hakuna shoti hata moja ya mwanzo ambayo ingeungana na hii kama siku moja, wala kama wiki moja. Kukafanywa kisomo kifupi, ubani ukafukizwa. Magogo yakapangwa chini ya mkuku, kamba zikafungwa, wanaume wakajipanga kila upande, mmoja akitoa wimbo na wengine wakipokea, na kila pokeo chombo kinasogea hatua. Niliiweka simu mbali ili watu wote waingie, nikabonyeza, nikaiachia. Dakika chache baada ya saa 10 jioni maji yalifika yalipotakiwa kufika. Mashua ikainuka yenyewe upande wa tezi, yaani nyuma, watu wakaacha kusukuma kwa sababu hapakuwa tena na cha kusukuma. Nililia. Alama ya hayo kwenye filamu ni kwamba picha inatikisika kidogo, nilikuwa nimeshika stendi.

Uhariri ulichukua muda mrefu kuliko kupiga picha. Tulitumia programu ya uhariri ya DaVinci Resolve, toleo la bure. Faili za simu zilitusumbua siku mbili nzima: sauti inaanza sawa na picha, lakini ikifika dakika ya pili nyimbo na midomo vinaachana. Tulikuja kugundua kwamba simu hubadilisha idadi ya fremu, yaani picha moja moja, kwa sekunde kufuatana na mwanga, wakati programu ya uhariri inataka idadi isiyobadilika. Tukazipitisha kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, tukazifunga kwenye fremu 25 kwa sekunde, tatizo likaisha. Anayepanga kuchanganya kamera na simu afanye hivyo kabla hajakata hata shoti moja. Sisi tulilazimika kuanza upya.

Tatizo kubwa lilikuwa kijana wangu. Aliigiza vizuri, tena vizuri sana, na mimi ndiye niliyekuwa nimemwahidi. Lakini kila alipoingia kwenye picha, mafundi waligeuka mapambo. Jicho linamfuata yeye, linasubiri aseme jambo, na nyundo zinakuwa kelele za nyuma. Akitoka, nyundo zinarudi kuwa habari yenyewe. Nilijaribu matoleo matano. Katika la tano alibaki kwenye shoti moja tu, ile ya msumari, na hapo ndipo nilipoona kwamba ninamweka kwa ajili ya urafiki. Nikampigia simu. Akanyamaza, kisha akauliza, "Hata ile ya msumari?" Nikamwambia hata ile. Ni simu ngumu kuliko zote nilizopiga mwaka ule. Jina lake liko mwishoni mwa filamu kati ya waliotusaidia, na tulibaki marafiki, lakini sitajifanya kwamba haikumuuma.

Zikabaki shoti 9 za sekunde 50, na nusu dakika ya majina. Dakika 8 kamili.

Jambo moja tulibishana mpaka usiku wa manane. Shoti ya tano tuliipiga kutoka mbali, kama mita 170 hivi, mafundi wanaonekana wadogo kando ya chombo. Kwa umbali huo sauti inachelewa nusu sekunde kufika: nyundo inaonekana imeshagonga na kuinuliwa, ndipo mlio unakuja. Mhariri yeyote angeuwahisha mlio kwa fremu 12 au 13 na hakuna ambaye angejua. Mwenzangu wa sauti alitaka hivyo, akasema watazamaji watadhani tumekosea. Mimi niliona nusu sekunde ile ndiyo umbali wenyewe, ndiyo upana wa ufukwe ule. Tukauacha mlio ulivyofika, na watu wawili darasani kweli walidhani tumekosea.

Kabla ya kukabidhi, nilirudi Nungwi na kompyuta. Babu aliitazama filamu barazani akiwa na mafundi wawili na wajukuu. Walicheka pale mwanafunzi mmoja alipojigonga kidole, walitajana majina, wakabishana ni ubao gani ule. Ilipofika shoti ya tatu, ya kukalafati, ile yenye sauti ya kutoka tumboni mwa mashua, babu aliinamisha kichwa akasikiliza bila kutazama. Shoti ikakatika, ikaja nyingine. Akainua mkono.

"Rudisha hapo."

Nikarudisha.

"Mbona umekata? Pamba bado haijashiba."

Nilisikiliza tena. Alisema kweli. Mlio ulikuwa umepanda lakini haujakauka, na mimi niliukata kwenye sekunde ya 50 kwa sababu hesabu yangu ilikuwa inaishia hapo. Kwenye rekodi ya asili fundi aliendelea kugonga sekunde 19 zaidi, mlio ukafika kwenye kengele, naye akatoa patasi na kuupapasa ufa kwa kidole gumba.

Niliirudisha shoti nzima usiku ule ule. Filamu ikawa dakika 8 na sekunde 19, nikaikabidhi hivyo. Alama za muda zilikatwa, kama nilivyojua zitakatwa.