Kamba ya Naha

Katika miaka yangu yote ya jeshi, siku ninayoikumbuka kuliko zote ni Jumapili moja ya Oktoba, mwanzoni mwa miaka ya 2010, nilipovuta kamba katikati ya barabara kuu ya mji wa Naha, kisiwani Okinawa, Japani, bega kwa bega na mama muuza tambi aliye rika la bibi yangu. Nimeisimulia siku hiyo kwa wanangu, nimeisimulia kazini, na kila nikimaliza naona yapo niliyoyaacha. Acha niiandike.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Baba alipata viza ya bahati nasibu ya Marekani tukahamia Texas nikiwa kidato cha pili, na nilipomaliza shule nikajiunga na Marine, kikosi cha jeshi la Marekani. Nilipopangiwa Okinawa nilikuwa bado kijana mdogo. Kambi yetu iliitwa Kinser, iko ufukweni mwa mji wa Urasoe, jirani kabisa na Naha. Ni kambi ya maghala: tulipokea vipuri, tukavihesabu, tukavipanga, tukavitoa. Imepewa jina la Sajenti Elbert Kinser, aliyekufa kisiwani humo Mei 1945 baada ya kulilalia bomu la mkono ili wenzake wapone. Jina hilo nilikuwa nikipita chini yake kila siku, na ni kwa hilo nilianza kuelewa kwamba ardhi ile haikuwa ya kawaida.

Siku za mwanzo kilichonituliza moyo ni barabara. Magari yanapita kushoto, usukani uko kulia, na Toyota ni zilezile tulizozizoea nyumbani zikishuka bandarini na maandishi ya Kijapani ubavuni. Gari langu la mkononi lilikuwa na namba inayoanza na herufi Y, alama ya sisi wa jeshi la Marekani, kwa hiyo popote nilipoegesha watu walijua ni la nani. Baadaye nikaja kuambiwa kwamba kisiwa chenyewe kiliwahi kuendesha kulia. Wamarekani walikitawala tangu Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha hadi mwaka 1972, wakati kiliporudishwa Japani, na tarehe 30 Julai 1978 ndipo magari ya kisiwa kizima yalipohamishiwa kushoto kwa siku moja.

Aliyenieleza hayo ni Obaa. Ndivyo wanavyomwita bibi kule, na mimi nilimwita hivyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu kumwita mtu mzima jina lake nisingeweza. Alikuwa na mgahawa mdogo juu ya kichochoro, ng'ambo ya barabara namba 58, meza chache na kaunta, na jikoni yupo peke yake. Kiingereza chake alikipata kambini, enzi alipokuwa akifua nguo za askari na kulipwa dola. Ndiyo, dola: kuanzia mwaka 1958 hadi 1972 fedha ya Okinawa ilikuwa dola ya Marekani. Mimi aliniita niinii, kama wanavyowaita vijana wa kiume.

Okinawa ni nchi ya nguruwe. Wenyewe husema kwamba kwa nguruwe hawaachi kitu isipokuwa mlio wake. Mimi ni Mwislamu, na tambi zao, hizo soba za Okinawa, supu yake huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe, na juu yake hupangwa vipande vya nguruwe. Siku ya kwanza nilimweleza Obaa kwa adabu nikataka kuondoka. Akanionyesha kiti. Akatoa kipande cha jodari mkavu, mgumu na mweusi, ng'onda hasa, akaanza kukiparua juu ya kijisanduku cha mbao chenye wembe. Kila akivuta mkono zinashuka nyuzi nyembamba za rangi ya waridi, zinanukia bahari na moshi. Akazitia kwenye sufuria safi ya maji ya moto, akachuja, akanipa bakuli la tambi zisizo na kingine ila yai, vitunguu vya majani na tangawizi. Tangu siku hiyo sufuria ile aliitenga. Nilikuwa nikiingia tu, anaishusha kutoka kwenye msumari. Wakati mwingine alinikaangia karela na tofu na mayai, na nikila ile karela chungu nilikuwa nikiyaona mezani mapishi ya mama yangu.

Sikuwa peke yangu niliyependwa na watu wa pale, lakini pia sitasema kila mtu alitupenda. Wakati ule kambi zetu zilikuwa zimechukua karibu asilimia 18 ya kisiwa kikuu. Nje ya kambi ya Futenma watu walisimama na mabango asubuhi hadi jioni, wengi wao wazee. Kuna familia ambazo makaburi ya mababu zao yamebaki ndani ya uzio wetu, na kila msimu wa Shiimii, wa kuzuru makaburi, wanaomba ruhusa ya kuingia na mafagio, maua na chakula. Niliwahi kuwekwa langoni siku kama hiyo. Mzee mmoja alinipa mkono akapita. Mwingine alipita bila kunitazama, na sikumlaumu.

Mwishoni mwa Septemba Obaa aliniuliza kama nyumbani kwetu tunavuta kamba. Nikamwambia tunavuta sana: shuleni, sikukuu za kitaifa, hata watumishi wa serikali wana mashindano yao ya kila mwaka. Akauliza kamba yenu nene kiasi gani. Nikamwonyesha kwa vidole. Akacheka mpaka akashika kaunta.

Jumapili yenyewe tulikwenda mimi na rafiki yangu mmoja wa kambini, kijana wa Puerto Rico. Obaa alitusubiri karibu na makutano ya Kumoji pamoja na mwanawe na wajukuu. Mtaa wa Kokusai ulikuwa umejaa tangu asubuhi. Vijana walikuwa wakibeba hatagashira, milingoti mirefu ya mianzi iliyopambwa kileleni kwa mataji na bendera ndefu, mmoja mmoja akiinua mlingoti mzima kwa kiuno na mikono huku wenzake wakiushikilia kwa kamba usianguke. Akichoka anapokea mwingine. Nyuma yao magoma, matoazi na kombe za bahari zinazopulizwa.

Halafu nikaiona kamba.

Ilikuwa imelala kwenye lami ya barabara 58, barabara ileile ya kwendea kazini. Urefu wake ni karibu mita 200 na uzito wake unazidi tani 40, yote ni mabua makavu ya mpunga yaliyosokotwa. Imeandikwa kwenye kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness. Niliposimama kando yake ilinifika kifuani. Huwezi kuishika, hakuna mkono wa kuishika. Pande zote zimetoka kamba nyembamba, mamia, zimetandazwa barabarani, na hizo ndizo zinazovutwa na watu. Nilipiga goti nikaweka kiganja juu ya shina lake. Babu yangu alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la mkonge huko Muheza, na mimi nimekua nikicheza karibu na korona, mashine ya kukamulia majani ya mkonge, kwa hiyo uzi uliokauka vizuri naujua kwa kuugusa. Ule ulikuwa umekauka vizuri.

Kwa kweli ni kamba mbili, ya kiume na ya kike, kila moja na kitanzi kichwani. Upande wa Mashariki huja na yake, Magharibi na yake, kitanzi kimoja kinaingizwa ndani ya kingine, na gongo kubwa la mti linapitishwa kuzifunga. Kazi hiyo huchukua muda mrefu na watu wengi, na umati wote hungoja umekaa chini. Ni hapo tulipokuwa tumekaa ndipo Obaa alipoanza kuzungumza, bila mimi kumuuliza.

Alisema Oktoba ni mwezi wa Naha kuungua. Asubuhi ya tarehe 10 Oktoba 1944 yeye alikuwa na miaka saba. Waliona ndege zinakuja kutoka baharini wakadhani ni Wajapani wanafanya mazoezi. Zilikuwa za Wamarekani, kutoka kwenye manowari za kubebea ndege, na zilirudi mara tano kwa siku hiyo. Jioni karibu asilimia 90 ya mji ilikuwa imeteketea. Mama yake aliwachukua wakatembea kwenda kaskazini, na yeye alibeba sufuria. Aliniambia habari ya hiyo sufuria kwa kirefu, ilikuwaje, mshikio wake ulivunjika wapi. Habari za vita vyenyewe, vya miezi ile ya 1945 vilivyoua watu wa kisiwa wengi kupita kiasi, hakuzigusa.

Mchezo wa kamba nao, alisema, ni wa tangu enzi za wafalme wa Ryukyu, ufalme wa kale wa Okinawa. Ulisimama mwaka 1935, mji ukaungua, na ukaja kufufuliwa mwaka 1971, kisiwa kikiwa bado mikononi mwa Marekani. Mwaka huo yeye na mumewe walikuja kuvuta, mumewe akalia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mimi nilikuwa nimenyoa kijeshi, nimevaa fulana nyeupe, na hakuna mtu pale ambaye hakujua mimi ni nani. Sikupata neno la kumjibu. Nikamwambia kwa Kijapani changu kidogo kwamba nasikitika, kutoka moyoni. Akafungua mkoba akatoa glavu nyeupe za pamba, zile za mafundi, pea mbili. Nyingine akampa rafiki yangu. Zangu alinivalisha yeye mwenyewe, akavuta kila kidole mpaka kikakaa, halafu akanifunga kitambaa kichwani akakaza fundo. Akasema, “Niinii, vuta kwa kiuno. Mikono itachoka.”

Vijana wawili waliovaa kama wapiganaji wa kale walipandishwa juu ya kamba, wakatazamana, wakashushwa. Upatu wa shaba ukalia. Na barabara nzima ikainuka.

Watu wote wale, maelfu kwa maelfu, walikuwa na mwito mmoja: haaiya, haaiya. Upatu unalia, unavuta. Dakika za mwanzo hakuna kilichosogea. Nilikuwa nimekaza miguu kwenye lami, mbele yangu mgongo wa mwanawe Obaa, nyuma yangu mtalii wa Korea, ubavuni Obaa mwenyewe ameshika kamba kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, anaita haaiya kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Halafu nikasikia kwenye viganja kitu kinatetemeka, tani zile zote zinaamka, na tukarudi nyuma nusu hatua. Ukelele uliopanda! Mtu asiyenijua alinipiga bega. Kisha wakatuvuta wao. Hivyo hivyo, mara sisi, mara wao. Sheria ni dakika 30, na upande ukifanikiwa kuvuta mita tano umeshinda kabla ya muda.

Walishinda wao. Sisi tulikuwa Magharibi, na zikiwa zimebaki dakika chache kamba ilianza kutuponyoka bila kusimama, tukawa tunakwenda nayo mbio ndogo ndogo huku tunacheka, na Obaa akawa anaipigia kelele iwe na aibu.

Baada ya hapo waliruhusu watu kupanda juu ya kamba, na watoto walijaa. Kila mmoja alikuwa na kisu au mkasi anakata kipande cha zile kamba za pembeni, kwani huwekwa nyumbani kwa ajili ya heri. Obaa alikata vipande kwa hesabu ya wajukuu, kisha akakata cha mama yangu, mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Usiku nilipiga simu Tanga. Okinawa saa tatu usiku, Tanga saa tisa alasiri, Babu yupo barazani. Nilimweleza kila kitu, moto wa mwaka 1944 na glavu na tani 40, naye akasikiliza. Alipofungua kinywa aliuliza, “Mpunga? Mabua ya mpunga hayakatiki?” Nikamwambia sijui, Babu. Akasema, “Basi kaulize.”

Nikauliza. Obaa alimwita jirani yake, mzee aliyesokota kamba za mpunga tangu utotoni, na Jumamosi moja tulikaa watatu kwenye kaunta, simu imewekwa sauti ya juu katikati ya mabakuli, kadi ya kupigia nje ya nchi mkononi. Yule mzee alisema kwa lugha yao ya Okinawa, Obaa akanipa kwa Kiingereza chake cha kambini, mimi nikampa Babu kwa Kiswahili. Mabua lazima yaloweshwe kidogo na yatwangwe kwa nyundo ya mti mpaka yalainike, ndipo yasokotwe. Babu akasema mkonge nao huoshwa, huanikwa juani, kisha hupigwa brashi. Yule mzee akataka kujua huanikwa siku ngapi. Babu akataka kujua nyundo ni ya mti gani. Wakaingia kwenye mambo ya kusokota, mkono upi unatangulia, na mimi na Obaa tukawa hatupati nafasi ya kupumua. Kadi ilikwisha Babu akiwa katikati ya sentensi, na mzee akavua miwani akaniuliza duka linalouza kadi nyingine liko wapi.