Mkono wa Mzee

Jana binti yangu alimwelekezea babu yake rimoti ya televisheni kifuani, akabonyeza. "Nimekuzima!" Babu akafumba macho na kuangusha kichwa, wote wakacheka. Mimi niliinuka nikaenda jikoni, nikasimama tu pale.

Nilimkumbuka yule mzee niliyempa dawa ya usingizi alipofanyiwa upasuaji wa ngiri. Alikuwa na Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, na alikuwa amepandikizwa kichocheo cha ubongo, kifaa cha umeme kinachotuliza mtetemeko na kinachozimwa kwa rimoti: betri chini ya mtulinga, waya ukipita shingoni hadi kichwani. Tiba hiyo ilianza kushika kasi Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987. Kisu cha umeme cha upasuaji kinaweza kuvuruga kifaa hicho, hata kupasha moto ncha ya waya iliyo ndani ya ubongo. Kwa hiyo tulikubaliana na daktari wa upasuaji: atumie koleo la ncha mbili, ambalo umeme wake huishia baina ya ncha hizo, lisipotosha, atumie kisu cha umeme, na bamba la kurudishia umeme libandikwe pajani, mbali na kifua. Na kifaa kizimwe.

Lini? Nilitaka kuhakikisha rimoti inafanya kazi kabla hajalala. Nikabonyeza akiwa macho.

Mkono wake wa kushoto nilikuwa nimeushika, umetulia. Kikaanza kidole gumba. Kikafuata kiganja, kisha mkono wote, ukigonga ukingo wa kitanda kwa mwendo mmoja, kama mtu anayebisha hodi. Mistari ya moyo kwenye skrini ikachafuka, isisomeke. Mzee hakunitazama mimi, aliutazama mkono. "Miaka sita sijamwona huyu," akasema. Machozi yakamteremka kuelekea masikioni.

Dawa ya usingizi ikaingia, mkono ukatulia. Mengine yalikwenda salama. Dhidi ya kichefuchefu nilimpa ondansetroni, si metoklopramidi inayozidisha Parkinson. Kabla hajazinduka tukawasha kifaa, tukalinganisha namba zake na zile tulizoziandika asubuhi. Aliamka mkono umetulia, akanishukuru.

Siku hizi mgonjwa anayetetemeka namzimia kifaa akishalala. Rimoti naijaribu kwa kusoma hali ya betri tu. Mwenzangu mmoja hushikilia kwamba ni heri kukizima mgonjwa akiwa macho, ijulikane kinatii. Huenda ana haki. Lakini mzee alikuwa macho, anaongea, mkono wake umo mkononi mwangu, nami sikumuuliza.