Mstari wa Vipande Nilioudhania Fotokopi Imefifia

Breketi ya kwanza niliyoitengeneza kwa kufuata mchoro, na si kwa kufuata kipande cha zamani kilicholetwa kama sampuli, ilitoka kinyume, kama kiatu cha kushoto kwa mtu aliyeagiza cha kulia. Ilikuwa ya kushikia pampu ya maji: bamba la chuma la milimita 6, lililokunjwa kwa juu likapata rafu, lenye tundu moja lisilokaa katikati. Mchoro ulikuja na mashine kutoka Japani. Mimi nilikuwa na miezi michache tu katika karakana moja huku Nyakato, Mwanza, na darasani nilikuwa nimefundishwa pembe ya kwanza peke yake, yaani mpangilio wa mchoro ambao umbo lililotazamwa kutoka kushoto huwekwa kulia. Nilipouona mwonekano wa ubavuni umewekwa kulia mwa ule wa mbele, nikausoma kuwa umetazamwa kutoka kushoto, nikaikunja rafu ielekee mbele ilhali ilitakiwa ielekee nyuma. Nilipoigeuza breketi ili rafu ikae inavyotakiwa, tundu likahamia upande mwingine.

Fundi mkuu hakunigombeza. Aliniwekea karatasi mezani akauliza, "Kijana, huu mstari wa vipande vipande hapa mbele unakuambia nini?"

"Mzee, nilidhani fotokopi imefifia."

Haikufifia. Mstari wa vipande ni ukingo uliojificha nyuma ya kitu, na ule ulikuwa ukingo wa chini wa rafu. Kama rafu ingekuwa mbele, ungechorwa mzima. Mchoro ulikuwa umenionya, nikauona uchafu.

Jioni hiyo nilinunua mche wa sabuni ya kufulia, nikauchonga kwa kisu ukawa na umbo la breketi ile. Kwanza niliuweka ndani ya boksi nililolibakizia kuta tatu, yaani ya nyuma, sakafu na ubavu wa kulia, nikausogeza hadi kila ukuta na kuchora umbo lake pale lilipogusa. Nilipolikunjua boksi likalala bapa, umbo lililotazamwa kutoka juu lilikuwa chini ya lile la mbele, na lililotazamwa kutoka kushoto lilikuwa kulia. Hiyo ndiyo pembe ya kwanza, inayotumika zaidi Ulaya: kitu kinakaa kati ya jicho na karatasi. Kisha nikachukua kipande cha kioo cha dirisha, nikakishika kati ya jicho langu na sabuni. Sasa kila umbo lilibaki upande uleule niliosimama, la juu likakaa juu na la kulia likakaa kulia, nayo ni pembe ya tatu, wanayoitumia Marekani na Japani.

Kioo, hata hivyo, kilinidanganya kidogo, kwa sababu nilipokaribia, ukingo wa nyuma ulionekana mfupi kuliko wa mbele. Katika michoro hii mistari ya kutazama haikutani jichoni. Inakwenda sambamba na kuipiga karatasi kwa nyuzi 90, mfano wa miale ya jua, ndiyo maana vipimo havipungui kwa umbali. Urefu wa kwenda juu unashirikiwa na mwonekano wa mbele na wa ubavuni, upana unashirikiwa na wa mbele na wa juu, na kina nakihamisha kutoka wa juu hadi wa ubavuni kwa mstari wa nyuzi 45. Misingi ya hesabu hii iliwekwa na Mfaransa Gaspard Monge, aliyezaliwa mwaka 1746, alipokuwa akishughulikia michoro ya ngome, na jeshi likaifanya siri kwa miaka mingi.

Siku hizi jicho langu huanzia kwenye kisanduku cha maelezo pembeni mwa karatasi, kutafuta alama ya koni iliyokatwa ncha, iliyochorwa kwa ubavu na kando yake maduara mawili, moja ndani ya jingine. Maduara hayo yakikaa upande wa mwisho mwembamba wa koni, ni pembe ya tatu. Yakikaa upande wa kitako kipana, ni ya kwanza. Mchoro usio na alama hiyo nauulizia kabla sijawasha grainda.

Kinachonitesa sasa ni mtumbwi. Nimepima mmoja uliokuwa umepandishwa ufukweni Kirumba, nikadhani mionekano mitatu itatosha. Ubao wa ubavuni unalala kwa nje na papo hapo unapinda kuelekea mbele, hivyo hakuna hata mwonekano mmoja kati ya hiyo mitatu unaouonyesha kwa urefu wake halisi. Ukimpa fundi vipimo hivyo, ubao atakaoukata utakuwa mfupi. Inabidi kuchora mwonekano wa nne, unaoukabili ubao wenyewe, na kwa kuwa umepinda, nimeugawa vipande 8 na kuvikabili kimoja kimoja. Nimefika cha 5.