Nilivyochagua baiskeli ya shokapu ya mbele kwa njia za mchanga za Mtwara

Ukitoka Mtwara mjini, ukaiacha lami ya kwenda Mnivata na kukata mashambani, haichukui muda uko kwenye mchanga wa mikorosho. Kiangazi mchanga huo ni mwepesi, tairi linazama na usukani unaanza kujiendea. Mvua zikishaanza mwishoni mwa mwaka unashikana, na hapo njia ni tamu kuliko lami, ila mabondeni kunabaki mizizi na makorongo yaliyochimbwa na maji. Ukienda mbali zaidi, kuipanda nyanda ya Makonde mpaka Newala, unakutana na changarawe na miteremko mirefu inayochosha mikono. Hizo ndizo njia zangu. Nimezitaja mapema kwa sababu kila shilingi niliyotoa niliitoa kwa ajili yake, na naamini baiskeli ya nyikani inanunuliwa hivyo: njia kwanza, jina la kampuni baadaye.

Nilikuwa na milioni moja na nusu. Kwa pesa hiyo baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma sikuitaka hata kuiona. Zile za bei hiyo huwa nzito, na viungo vya nyuma vina beringi ambazo mchanga wetu unazimaliza haraka. Shokapu mbele tu, nyuma fremu kavu, inakupa wepesi wa kupanda mlima na vitu vichache vya kutengeneza. Nilitaka pia mtumba mzuri kuliko mpya dhaifu, kwa hiyo nikapanga kwenda kununua Dar es Salaam, ambako mitumba ya kampuni kama Giant, Trek na Merida inapatikana.

Muda mwingi niliutumia kwenye shokapu. Kwa baiskeli za bei ya kati hapo ndipo tofauti kubwa ilipo, na ni kitu ghali mno kuja kukibadilisha baadaye. Za bei rahisi zina springi ya chuma ndani. Ile springi imepangwa kwa mtu wa uzito wa kawaida wa kiwandani, na mtu huyo hafanani nami, nina kilo 58. Nikipanda shokapu ya namna hiyo haibonyei, inabaki kama fimbo, nami nabeba uzito wake bure. Ya upepo unaijaza kulingana na kilo zako. Kuitambua si kazi: fungua kifuniko cha juu cha mguu wa kushoto, na kwa shokapu nyingi za upepo utakuta valvu kama ya tairi la pikipiki. Kifuniko cha mguu wa kulia mara nyingi ndicho chenye swichi ya kufunga shokapu isibonyee unapopanda mlima au ukiwa kwenye lami.

Dukani niliomba nipande kabla ya kuzungumza bei. Muuzaji alikuwa kijana mwenye heshima zake, akaniambia, “Dada, hiyo ya kiume, itakusumbua. Chukua hii ya kike, tena ina kikapu mbele.”

“Nashukuru kaka, lakini naenda nayo Newala. Naomba tu uniwekee kiti chini kidogo.”

Niliivua raba ya nywele nikaizungushia kwenye mguu wa shokapu, ule unaong’aa, nikaisogeza mpaka chini kwenye kizibo cha mpira. Nikapanda taratibu, nikakaa bila kubonyeza, nikashuka. Raba ilikuwa imepanda. Nikapima kwa futikamba: milimita 12. Shokapu ile ina mwendo wa milimita 100, kiasi kinachotosha kabisa kwa safari za nyikani, na mtu akikaa inafaa izame kati ya milimita 15 na 25. Kwa hiyo ilikuwa imejazwa upepo mwingi kwangu, na hilo halikunitisha, linarekebishika. Kinachotisha ni mikwaruzo kwenye ule mguu unaong’aa, kwa sababu kila ikipita kwenye kizibo inakata mpira na mafuta yanaanza kutoka. Nilipitisha ukucha kuanzia juu mpaka chini, pande zote. Ukucha haukukwama popote. Kisha nikabana breki ya mbele, nikasukuma usukani mbele na nyuma huku kidole kikiwa kwenye kiungo cha stelingi, kusikia kama kuna kulegea. Kulikuwa na mchezo kidogo wa gololi za stelingi, kazi ya spana tu, nikautumia kupunguziwa bei.

Nikatazama na kichwa cha fremu, pale shokapu inapoingilia. Chini ni kipana kuliko juu, na ndivyo nilivyotaka, kwa kuwa shokapu nyingi nzuri za sasa zimetengenezwa kwa kichwa cha namna hiyo. Siku nikitaka kubadilisha, fremu haitanikwamisha. Ekseli ya mbele ni ile nene ya milimita 15 inayopenya na kufungwa kwa uzi. Kwenye mchanga tairi la mbele linaposukumwa pembeni, hiyo inasaidia usukani kufuata mkono.

Kuhusu ukubwa wa magurudumu nilivutana na nafsi yangu kwa muda mrefu. Tairi za inchi 26 Mtwara unazipata karibu kila duka la spea, za 29 ni za kuagiza. Lakini gurudumu kubwa linapita juu ya mchanga na mizizi kwa urahisi zaidi, na nilipolijaribu sikutaka tena kurudi nyuma. Nikachukua 29 na nikanunua papo hapo tairi moja na tyubu za akiba. Hapa mnunuzi awe macho: tairi la 28 la baiskeli zetu za kubebea mizigo haliingii kwenye rimu ya 29, ingawa namba zinafanana na mtu anaweza kukuapia kwamba linaingia. Soma namba ya milimita ubavuni mwa tairi. Ya 29 ni 622, na ile 28 ya baiskeli za mizigo ni 635. Upana nilioutaka ni inchi 2.25. Nyembamba zaidi ya hapo kwenye mikorosho ni mateso.

Gia. Watu wanahesabu idadi, 21, 24, 27, wakidhani nyingi ndiyo nzuri. Mimi nilihesabu meno. Baiskeli niliyoichukua ina gia moja tu mbele, ya meno 32, na kumi nyuma za kampuni ya Shimano, toleo la Deore, ndogo ina meno 11 na kubwa 46. Ile 46 ndiyo inayonipandisha Newala nikiwa nimekaa. Muuzaji alikuwa na nyingine ya gia kumi na mbili, tamu kweli, ila mnyororo na kaseti yake, yaani ule mkusanyiko wa gia za nyuma, ni ghali zaidi, na mchanga unakula mnyororo bila kuuliza bei. Nikabaki na kumi. Jambo moja nilikuwa nimeshaamua sitalegeza: nyuma iwe kaseti, isiwe friwili ya kusokotwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kwenye friwili beringi ya upande wa mnyororo inakaa ndani, mbali na fremu, na kipande cha ekseli kinachobaki bila kushikiliwa ndicho kinachopinda au kukatika njiani.

Breki ni diski za mafuta. Hapa nataka kusema kwa msisitizo, maana mafundi wetu wa pikipiki ni hodari na wana moyo wa kusaidia: breki za Shimano zinatumia mafuta ya madini, hazitumii DOT ile ya pikipiki na magari. DOT ikiingia inaharibu mipira ya ndani, na breki nzima inakuwa ya kutupa. Nilinunua chupa ndogo ya mafuta yake nikaiweka kwenye boksi la spea.

Kwenye boksi hilo kuna kitu kingine ambacho kwangu kina thamani kuliko tyubu zote, sikio la gia. Ni kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia kwenye fremu kile kifaa cha nyuma cha kuhamisha mnyororo kati ya gia. Kimetengenezwa kipinde chenyewe ili fremu ipone baiskeli ikianguka. Shida ni kwamba yapo ya maumbo mengi mno, na la baiskeli ya jirani yako huenda lisikae kwenye yako. Nilimwomba muuzaji alifungue langu, tukatafuta lingine tukiyalinganisha tundu kwa tundu mpaka likapatikana. Bila hilo, tawi moja la mkorosho likikunasa, unasubiri mzigo wa basi kutoka Dar.

Tulimalizana kwa milioni moja na laki mbili, nikaandikiwa risiti yenye namba ya fremu. Iliyobaki ikaenda kwenye spea na pampu ya shokapu, ambayo ni lazima, kwa sababu pampu ya tairi haiwezi kupima upepo mchache wenye msukumo mkubwa. Kabla ya kuingiza baiskeli kwenye buti ya basi nilitoa magurudumu na kuchomeka kadibodi iliyokunjwa katikati ya pedi za breki, ili mkono wa breki ukibanwa na mzigo pedi zisigandane.

Mtwara nilimpelekea mzee mmoja fundi wa Majengo akaze stelingi. Aliizungusha, akasikiliza, akaikaza robo mzunguko, akazungusha tena. “Mwanangu, hii ukiibana sana gololi zinakula kikombe,” akasema, na akanifundisha kuisikia mwenyewe kwa kiganja.

Sasa hivi mchangani naweka upepo wa tairi psi 20 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) mbele na 22 nyuma, na nikienda kwenye changarawe za Newala napandisha mpaka 26. Shokapu niliipunguza upepo mpaka raba ikasimama kwenye milimita 20. Mnyororo naufuta kwa kitambaa kikavu kila ninaporudi, hasa nikitoka Mikindani ambako upepo wa bahari unaleta chumvi, halafu tone moja la mafuta kwa kila pingili, na yanayozidi nayapangusa yote yasikamate mchanga. Tairi la nyuma limeanza kuisha meno ya katikati, kwa hiyo lile la akiba litaingia kabla ya mvua.