Waya Mmoja Ndani ya Delko

Lubumbashi, Jumapili jioni

Jana gari la marehemu baba mdogo lilitoka mtaani kwetu Kamalondo, likafika mji wa Kipushi na kurudi, kilomita zipatazo 60 kwa jumla, bila kuzimika na bila kukohoa. Kwa mtu ambaye hajaishi na gari hili, habari hiyo haina uzito. Kwangu inafunga miezi saba ya mashaka, na nataka kuiandika leo, kabla mpangilio wa mambo haujanitoka kichwani, kwa sababu naamini kosa tulilolifanya hufanywa na wengi wanaotafuta ubovu wa cheche katika injini za zamani.

Gari lenyewe ni MGB ya mwaka 1966, la wazi, lenye viti viwili na usukani wa kulia. Baba mdogo alilinunua Kitwe, upande wa Zambia, akalivusha mpaka wa Kasumbalesa, na tangu siku hiyo limetembea kwenye barabara zetu huku dereva wake akikaa upande wa mtaro. MGB zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na zilizidi 500,000, kwa hiyo duniani si gari adimu. Lakini hapa mjini sijaliona jingine. Injini ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,798, kabureta mbili za aina ya SU, na nyuma ya viti zimefichwa betri mbili za volti 6 zilizounganishwa pamoja. Kuna jambo moja ambalo kila fundi lazima aambiwe kabla hajafungua boneti: katika gari hili ncha chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi, wala si ncha hasi kama alivyozoea. Nitalirudia jambo hilo, kwa kuwa lilitugharimu.

Lilipofika mikononi mwangu lilikuwa limekaa miaka mingi chini ya turubai. Nilidhani heshima ninayoweza kumpa marehemu ni kubadilisha kila kitu cha mfumo wa kuwasha kwa mara moja, nikaagiza kwa msafiri bujie nne (plagi zinazotoa cheche ndani ya silinda), nyaya zake, na vya kile kifaa cha kugawa umeme tunachokiita delko: kifuniko, rota inayozunguka chini yake, platini (swichi yake ndogo) na kondensa, vyote vipya. Injini iliwaka kwa mguso wa kwanza. Siku ileile, baada ya dakika kama 20 za kutembea, ilizimika ghafla katikati ya njia, kama vile mtu ameuzungusha ufunguo. Tulisukuma gari hadi kwenye kivuli, tukangoja nusu saa, likawaka tena kana kwamba halikuwahi kuumwa. Huo ulikuwa ugonjwa wa kwanza. Wa pili ulikuwa mdogo zaidi, nami niliudharau: gari likitembea kwa mwendo wa wastani kwenye barabara tambarare, lilikuwa likikohoa na kushtuka.

Huku kwetu kifaa kinachogawa umeme kwa bujie tunakiita delko, jina tulilolipokea kupitia Kifaransa. Asili yake ni kampuni iliyoanzishwa Dayton, Marekani, mwaka 1909 na Charles Kettering pamoja na Edward Deeds, ambayo iliwauzia Cadillac mfumo wa kuwasha injini kwa betri. Kifaa cha gari hili kimetengenezwa na Lucas wa Birmingham, aina ya 25D4, lakini Kamalondo nzima itaendelea kukiita delko, nami sioni kosa, kwa sababu kanuni iliyomo ndani ni ileile ya Kettering.

Kanuni hiyo inastahili kuelezwa taratibu. Ndani ya delko kuna mhimili unaozunguka kwa nusu ya mwendo wa injini, wenye pembe nne. Kila pembe inapopita husukuma mkono wa platini, na vidomo viwili vilivyokuwa vimegusana huachana kwa mwanya mdogo, inchi 0.015, ambayo ni karibu milimita 0.4. Vikiwa vimegusana, umeme wa volti 12 hupita katika bobini, yaani koili ya kuwashia, na kujenga nguvu ya sumaku. Vinapoachana, nguvu hiyo huporomoka, na katika waya mwembamba wa ndani ya bobini, uliozungushwa maelfu ya mizunguko, huzaliwa umeme wa maelfu ya volti ambao hukimbilia kwenye bujie. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, tendo hilo hutokea mara 100 kila sekunde. Kondensa, kile kikopo kidogo kisichozidi kidole gumba, kazi yake ni kuumeza umeme unaotaka kuruka kati ya vidomo vinapoachana, ili sumaku iporomoke kwa kasi. Kondensa ikifa, cheche hubaki kwenye platini na bujie hunyimwa.

Waya wa bobini ni shaba tupu. Mtu wa Lubumbashi hawezi kuitazama shaba kama wanavyoitazama watu wa miji mingine. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili yake, na ninapoandika haya, bomba refu la moshi la kiwanda linaonekana nje ya dirisha langu. Baba mdogo aliipata ada ya shule yangu kutoka kwenye shaba hiyo.

Sasa makosa yetu. Fundi wa kwanza alitoa bujie, akaona masizi meusi, akasema mafuta ni mengi mno. Maneno yake yalikuwa na mantiki, kwa maana mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani itatoa petroli iliyozidi. Tulipunguza petroli. Gari liliendelea kuzimika. Kisha tukanunua bobini mpya, na hapo ndipo ile ncha chanya ilipotuangusha. Bobini ya zamani ilikuwa na herufi tu, moja ya upande wa swichi na nyingine ya upande wa delko. Mpya ilikuwa na alama za jumlisha na toa. Fundi aliunga toa kwenye delko, kama anavyofanya kwa kila gari linaloingia gerejini mwake, wakati kwenye gari hili ni jumlisha inayopaswa kwenda huko. Injini haikukataa. Iliwaka, na ndiyo maana hakuna aliyegundua. Lakini bujie ilianza kupokea umeme uliogeuzwa, na cheche ya namna hiyo huhitaji nguvu zaidi ili iruke, kwa kuwa umeme hutoka kwa urahisi kwenye ncha ya kati yenye joto kuliko kwenye ncha ya pembeni iliyopoa. Tulikuwa tumeongeza ugonjwa wa tatu juu ya ile miwili.

Mwezi wa tano, mvua zilipokuwa zimekwisha, nilimpelekea gari mzee mmoja ambaye zamani alitengeneza magari ya mgodini. Alinisikiliza hadi mwisho, akarekebisha nyaya za bobini bila kunilaumu, kisha akakataa kugusa kitu kingine chochote.

“Mwanangu,” aliniambia, “hapa gerejini gari ni zima. Nitapima nini? Tulipeleke mpaka liumwe, halafu tuliulize likiwa bado linaumwa.”

Tuliondoka saa nane mchana, wakati wa jua kali, tukashika barabara ya Kipushi. Lilizimika baada ya kilomita 17. Mzee alishuka kwa haraka ambayo sikuitarajia kwa umri wake, akafungua boneti, akatoa kifuniko cha delko na rota, akaniambia niwashe kontakti, yaani swichi ya ufunguo, bila kuzungusha injini. Kwa bisibisi ndogo aliufungua na kuufunga mkono wa platini. Niliinama karibu naye. Kila vidomo vilipoachana, cheche nene ya buluu ilipiga baina yao, na ilitoa mlio mdogo mkali, kama kijiti kikavu kinachovunjika. Aliushika waya mkuu wa bobini kwa koleo lenye mpira, akausogeza karibu na chuma cha injini, akafungua platini tena. Pale ilitoka cheche ya rangi ya njano, nyembamba, iliyoruka mara moja na kukosa mara mbili.

“Umeona inakaa wapi?” aliuliza.

Alichomoa waya wa kondensa yangu mpya, akatoa mfukoni kondensa ya Peugeot 404, ambayo kwa kawaida hufungwa nje ya delko, akaibana kwa klipu kati ya nguzo ya bobini inayokwenda kwenye delko na bodi. Tukarudisha rota na kifuniko. Injini, ambayo bado ilikuwa ya moto, iliwaka palepale. Tulirudi mjini na kikopo hicho kikining'inia kando ya bobini. Kondensa mpya ilikuwa ikifanya kazi vizuri ikiwa baridi na kupoteza uwezo wake ilipopata joto. Ndiyo maana kila kipimo kilichofanywa gerejini asubuhi kilisema ni nzima. Duka lililoiuza nimeliandikia, sitalitaja hapa. Mzee aliuliza kama nimeitunza ile ya zamani. Nilikuwa nimeiweka katika mkebe wa maziwa. Imerudishwa ndani ya delko, na ndiyo iliyotupeleka Kipushi jana.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo. Kuzimika kulikwisha kabisa, lakini kukohoa kulibaki, na kwa wiki tatu nilishikilia kwamba kondensa ya zamani nayo imechoka, kwa sababu akili ikishapata mkosaji mmoja hupenda kumbebesha kila kosa. Mzee alinitaka nieleze kwa makini ni lini hasa gari linakohoa. Nikikaa bila mwendo? Hapana. Nikikanyaga hadi mwisho kupanda mlima? Hapana, hapo linavuta vizuri sana. Ni pale tu ninapokanyaga kidogo na kutembea taratibu. Alikaa kimya, kisha akasema kuna kitu kimoja tu ndani ya delko kinachojua mguu wangu umekanyaga kiasi gani.

Ubavuni mwa delko kuna kikombe cha bati chenye utando ndani, kilichounganishwa na kabureta kwa bomba jembamba. Dereva anapotembea kwa mguu mwepesi, mvuto wa hewa huuvuta utando huo, nao huizungusha kidogo sahani iliyobeba platini, ili cheche itoke mapema zaidi. Akikanyaga hadi mwisho mvuto hupotea na sahani hurudi. Injini ikiwa inanguruma papo hapo bila mwendo, mvuto haufiki. Kwa kuwa sahani hiyo husogea, watengenezaji waliiunganisha na mwili wa delko kwa waya mfupi laini uliofumwa, wenye ala ya kitambaa, ili umeme upate njia ya uhakika ya kufika kwenye bodi.

Mzee alitoa bomba kwenye kabureta. Alichukua taa ya kupimia, akafunga upande mmoja kwenye nguzo ya bobini yenye umeme, upande wa pili akaugusisha kwenye sahani. Taa iliwaka. Kisha akatia bomba mdomoni, akafyonza. Niliiona sahani ikigeuka, kwa kiasi cha unene wa ukucha, na taa ikafifia, ikapepesa, ikazima. Aliachia pumzi, taa ikarudi. Alinipa bomba nijaribu mwenyewe, nami nikafanya hivyo mara tano au sita, zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu sikuwahi kuuona ubovu ukinitii namna hiyo. Ule waya ulionekana mzima kwa macho. Alipoikata ala yake kwa wembe, nyuzi za shaba ndani zilikuwa zimekatika zote, zikigusana tu pale waya ulipolegea.

Tulitengeneza mwingine kwa nyuzi laini tulizozitoa kwenye waya wa kaboni ya jenereta iliyoungua, tukaulehemu na kuuacha mrefu kidogo ili usivutwe. Mara kadhaa nimeshauriwa kuweka mfumo wa elektroniki na kuachana na platini. Nimekataa kwa sasa: unaofaa kwa gari lenye chanya kwenye bodi lazima uagizwe mbali, na ukifa njiani hakuna wembe wala lehemu itakayoufufua.

Leo mchana, nikitafuta mahali pa kuandika tarehe, nilifungua daftari ambalo baba mdogo alilitunza katika mfuko wa mlango. Aliandika kwa penseli, kwa Kiswahili, kila mafuta aliyobadilisha na kila mwanya aliopima. Ukurasa wa mwisho una mstari mmoja ambao nilikuwa nimeupita mara nyingi: “Likivuta mlima ni zima. Nikienda polepole linakohoa. Kabureta nimesafisha, bado.” Baada ya hapo kurasa ni tupu; ndipo alipolifunika turubai.

Niliichonga penseli yake, iliyokuwa bado imebanwa kwenye daftari, nikaandika chini ya mstari huo: “Waya wa sahani ya platini, umekatika ndani ya ala. Umebadilishwa. Kipushi na kurudi, halikohoi.”