Daftari la vijiti

Leo nilikuwa napanga kabati hapa Ngamiani, nikakutana na daftari la mama mdogo la mwaka 2020. Ndani hamna maneno. Ni vijiti tu vya kalamu, vinne vimesimama na cha tano kimevilalia, kama muuza madafu anavyohesabu mali yake. Kila kijiti ni siku moja ya mionzi. Viko 25.

Tanga hatukuwa na mashine. Mwenye saratani alifunga safari kupitia Segera na Chalinze hadi Ocean Road, Dar es Salaam. Ya mama mdogo ilikuwa ya mlango wa kizazi: mionzi ya nje Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano, kisha mionzi ya ndani, ile inayowekwa ndani ya mwili. Tulianza mwishoni mwa Aprili, na mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alikuwa ametangazwa Machi 16.

Mimi nilitaka tungoje. Daktari hakunibembeleza. Alisema ukianza halafu ukaruka siku, seli zilizobaki hujijenga upya. Matibabu yote, ya nje na ya ndani, yaishe ndani ya wiki nane. Wenye saratani ya titi angalau walifunguliwa mlango: mwaka uleule watafiti wa Uingereza walionyesha kuwa, kwa ile iliyogunduliwa mapema, dozi 5 kubwa za wiki moja zinafaa sawa na 15 za wiki tatu. Safari chache, watu wachache kwenye benchi. Mama mdogo hakuwa na mkato huo.

Basi hofu yangu ikahamia barabarani. Kwenye chumba cha mashine mgonjwa hulala peke yake, wahudumu wanamtazama kwa kamera, na dakika chache tu katoka. Basi ndilo lililonitisha. Wikiendi ya kwanza tulirudi nyumbani, na Jumapili nikamkatia siti mbili ili pembeni yake pawe wazi, mimi nikakaa nyuma. Tulipofika Segera kondakta akaiuza ile tupu kwa baba mmoja anayekohoa, barakoa iko kidevuni. Niligombana hadi Mkata. Bure.

Tangu siku hiyo hatukurudi tena. Tulikaa Dar kwa ndugu, na kukaa kwa watu nako kuna yake. Mwezi ule nchi nzima ilikuwa ikijifukiza, na pale nyungu ilipikwa kila jioni: mwarobaini, mchaichai, malimau. Mama akaitamani. Mhudumu alikwisha kumkataza: ngozi inayopigwa mionzi haitaki joto, na jasho lingefuta alama za wino zinazoonyesha pa kulenga.

"Wenzangu mnafukuza korona, mimi nalinda wino," akanung'unika.

Idi ikatukuta hukohuko, Mei 24. Aliomba siku mbili tu, awaone wajukuu, ale pilau ya kwao. Nikakataa. Vilibaki vijiti vitano. Hakunisemesha hadi alasiri, nami sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejifungia bafuni nikilia.

Ukurasa wa mwisho wa daftari una vijiti vingine saba, peke yao. Nimempelekea jikoni.

"Mama, na hivi?"

Ametazama, akaendelea kukuna nazi.

"Vikohozi vya yule baba wa Segera. Hadi Chalinze. Baada ya hapo alilala."