Kumbukumbu ya mradi: tarbia ya Kibo kwa sauti nne, Moshi

Wimbo ni wa kwaya isiyo na kinanda: sauti nne, do ni G, mapigo manne kwa kipimo, kasi ya mapigo 84 kwa dakika. Maneno ni ubeti mmoja wa tarbia (shairi la mishororo minne kwa ubeti) kuhusu Kibo, kilele cha Kilimanjaro; mizani (silabi) 16 kwa kila mshororo, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili):

Mlima umejifunga, kilemba chake mawingu,
Kijito chaja kwa kunga, kifike shambani kwangu,
Kahawa yajibu: Kinga? Migomba ni paa langu!
Simama, Kibo, u nanga, na ngome ya walimwengu.

Tarbia ilichaguliwa kwa sababu inakuja na miisho yake tayari. Kina cha kati kinataka muziki utue nusu, kina cha mwisho kinataka utue kabisa. Mtunzi akiipuuza ramani hiyo, akatua kabisa pale kwenye -nga, kila mshororo unakatika vipande viwili na msikilizaji anadhani wimbo umekwisha mara nane.

Mkazo kabla ya noti

Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo katika kipande cha mizani nane, mizani ya 7 ina mkazo daima, na hiyo ndiyo inayostahili pigo la 1. Tenzi nyingi zilizotafsiriwa juu ya tuni za Ulaya zinaanguka hapa: tuni inamalizia kwa noti ndefu kwenye pigo zito, nayo inaangukia silabi ya mwisho. Ndipo kwaya inapoimba "amiNAAA" huku kila mtu kanisani akijua neno ni aMIna.

Mdundo uliokubali ni huu: mizani ya 1 kwenye pigo la 4, kabla ya kipimo, ya 2 na ya 3 kwenye mapigo ya 1 na 2, ya 4 na ya 5 zinagawana pigo la 3, nusu kwa nusu, ya 6 pigo la 4, ya 7 inashika mapigo ya 1 na 2 ya kipimo kinachofuata, ya 8 pigo la 3. Kipande kimoja ni mapigo 8, ubeti mzima ni 64, yaani vipimo 16 na sekunde 46 hivi, bila kuhesabu noti iliyorefushwa mwishoni.

Mdundo huo unataka mizani ya 2 nayo iwe na mkazo: mLIma, kiLEmba, siMAma. Mshororo wa pili hapo awali ulianza "Maji yashuka kwa kunga". Mizani ni nane, kina ni sahihi, lakini ukiuimba unasikia "maJI". Ndiyo maana sasa ni kijito kinachokuja. "Kifike shambani kwangu" ilipona bila kubadilishwa neno: mkazo wa "shamBAni" uko kwenye mizani ya 5, basi nusu pigo zimehamishwa kutoka pigo la 3 kwenda la 2 (ke na sha zinagawana), na mba inapata pigo lake. "Kahawa yajibu" na "migomba ni paa" zimefanyiwa vivyo hivyo.

Angalizo dogo: M ya "mlima" ni silabi kamili yenye noti yake. Iimbwe midomo imefungwa, sauti isikike. Wengi huiruka au huimba "mulima".

Melodia

Ukwapi wa kwanza, sauti ya kwanza (d r m f s l t ni do, re, mi, fa, so, la, ti; mstari wima unatenga vipimo, kistari kinaendeleza noti, koma ni oktava ya chini, nukta inagawa pigo):

s, | d d r.m m | r – t,

Utao:

r | s m f.m r | d – d

Ukwapi unaishia kwenye t, noti isiyoweza kukaa. Sikio linaisukuma kwenda d, na d haiji hadi utao umalizike. Mvuto huo ndio unaobeba mizani nane za pili. Noti ya juu kuliko zote ni l (E), nayo imewekwa mara moja tu, kwenye "ha" ya "kahawa". Kilele kikirudiwa kinakuwa kilima cha kawaida. Kwenye "Kinga?" sauti ya kwanza inabaki r–r badala ya kushuka t, kwa kuwa ni swali. Kupandisha "nga" hadi s kungevutia zaidi, ila silabi isiyo na mkazo ingepiga kelele kuliko yenye mkazo.

Kodi

Kodi ni noti tatu zinazoimbwa pamoja. Kodi tatu zinatosha sehemu kubwa: ya kwanza (d m s), ya nne (f l d), ya tano (s t r). Kubadilisha kodi kwenye kila pigo kuliufanya wimbo uwe mzito. Sasa d d r.m m yote inakaa juu ya kodi ya kwanza, na r ni noti ya kupitia tu.

Mtego uko kwenye m ya pigo la 4 kuelekea r. Inashawishi kuweka kodi ya sita (l d m) chini ya m, kisha ya tano chini ya r. Sauti ya kwanza inatoka m kwenda r, besi (sauti ya nne) inatoka l kwenda s: zote zinateremka hatua moja zikiwa umbali wa noti tano. Tano sambamba hizo zinafanya sauti mbili zisikike kama moja, na kwaya ya watu wachache inapwaya ghafla. Besi ikibaki d kisha ikaenda s, tatizo linaisha.

Sheria mbili nyingine zisizovunjwa humu: t isiimbwe na sauti mbili kwa wakati mmoja, na pengo kati ya sauti ya kwanza na ya pili, au ya pili na ya tatu, lisizidi oktava.

Kutua

Kila ukwapi unatua kwenye kodi ya tano. Utao wa mishororo miwili ya kwanza unatoka kodi ya tano (mizani ya 6) kwenda ya kwanza (mizani ya 7), na mizani ya 8 inabaki kwenye kodi ileile. Silabi ya mwisho haipewi kodi mpya, kwa hiyo haina cha kujivunia.

"Paa langu" inadanganya. Kodi ya tano inaenda ya sita: sauti ya kwanza r kwenda d, ya pili t kwenda d, ya tatu s kushuka m, besi s kupanda l. Sauti ya tatu isipande kwenda l, itakuwa oktava sambamba na besi. Mazoezini wanaoponyoka ni besi: mishororo miwili imewazoesha kuanguka d, nao wanaanguka d. Waimbe s–l peke yao kwanza, kisha sauti ya tatu iongezwe, ndipo wengine.

"Walimwengu" ndiyo utao pekee ambao mizani yake ya 7 imepewa kodi ya tano, tena kwa mapigo manne. "Li" iko juu ya kodi ya nne: f, d, l, f kutoka juu kwenda besi. Kwenye "mwe" sauti ya pili inang'ang'ania d kwa mapigo mawili wakati wenzake wameshafika r, s, s; d inagongana na r, kisha inalegea kwenda t. "Ngu" inafunga d, d, m, d. Sauti ya tatu lazima ishuke m. Ikibaki s kwa uvivu, kodi inakuwa tupu, haijulikani ni ya furaha au ya huzuni.

Hali ya sasa

Bila kinanda kimo cha sauti kinashuka, hasa kwenye t na m zinazoimbwa chini kidogo. Programu ya kupimia sauti kwenye simu inaonyesha kama "ngu" ya mwisho bado ni G. Ikikaribia F kali (nusu hatua chini ya G), dawa ni kuimba hatua za kupanda kwa upana na za kushuka kwa ufinyu. Nakala zimeandikwa kwa herufi za solfa, mfumo aliouendeleza John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19 kutokana na kazi ya Sarah Glover. Unachapika hata kwenye ujumbe wa simu. Ubeti wa pili unasubiri maneno yenye mkazo kwenye mizani ya 2 na ya 7. Mdundo wake utapigwa kwa makofi kwanza, noti baadaye.